Kondoo wa Kumkomboa Jamali

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kwenye cherehani yake, Mwajabu alimpima kondoo mkia. Chekeni tu, hata majirani wa Chamazi walicheka mpaka wakachoka. Lakini Mwajabu ni fundi nguo, na fundi nguo haamini kitu mpaka akizungushie futi. Alikuwa anapiga magoti bandani, anaushika ule mkia mpana wa kondoo wa mama yake, anauzungushia futi ileile anayowapimia maharusi viuno.

"Umepungua tena, mama. Vidole viwili."

"Pima vizuri," alisema Hamida, mama yake, aliyesimama mlangoni mwa banda na kanga kiunoni.

"Nimepima vizuri. Hawa pacha wanammaliza."

Kondoo wa mkia mnene, kwa asiyemjua, mkia ndiyo ghala lake. Akishiba huweka mafuta humo, akinyonyesha huyatoa humohumo yakawa maziwa. Ukitaka kujua hali ya kondoo anayenyonyesha usimtazame usoni, maana uso wa kondoo siku zote ni uleule, wa mtu aliyesahau alichofuata dukani. Shika mkia. Na mkia wa Mwaridi, ndivyo Hamida alivyomwita kondoo wake, ulikuwa unakwisha mbele ya macho yao.

Hamida alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mtu wa Mingoyo, Lindi. Mumewe Mwishehe ndiye aliyemleta Dar, wakapanga Mbagala, kisha wakajenga vyumba viwili Chamazi siku zile Chamazi ni mikorosho na nyoka. Mwishehe alishatangulia mbele za haki. Watoto walikuwa wawili: Jamali, na huyu Mwajabu mwenye futi. Jamali ndiye wa kwanza, na ndiye ambaye hayupo.

Jamali aliondoka kwenda Sauzi miaka kumi na miwili iliyopita, begi moja, ahadi mia. Mwanzoni alipiga simu kila wiki. Baadaye ikawa Idi kwa Idi. Baadaye namba ikawa haipatikani, na yule dada wa kwenye simu anayesema haipatikani Hamida alimsikia mara nyingi kuliko alivyowasikia ndugu zake wa tumbo moja. Miaka minne ilipita hivyo, kimya.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Nyumbani kwa Hamida ilikuwa kinyume, asiyekuwepo ndiye mwenye kila kitu. Chumba kimoja kilikuwa cha Jamali, kitanda kimetandikwa, chandarua kimefuliwa, na hakilaliwi na mtu. Mwajabu, mwanamke mzima wa miaka thelathini na miwili aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, alilala na mama yake chumba cha pili. Kuku akichinjwa, paja lilibakizwa mpaka likachacha. Mvua ikinyesha, Hamida aliuliza kama huko Sauzi nako inanyesha. Alimtamani mwanawe kama mtu anavyotamani maji, mchana kutwa, hata akiwa anazungumza mambo mengine. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wa Hamida ulikuwa haupoi.

Sasa sikilizeni kondoo alivyoingia. Miaka mitatu nyuma kijana mmoja wa Mbande alirudi kutoka Durban, akapita kusalimia. Akasema alimwona Jamali huko, ni mzima.

"Ila amekwama, mama."

"Amekwama nini?"

"Amekwama tu. Kule mtu anakwamaga."

Akanywa chai, akaaga. Wiki hiyohiyo, kwenye darsa ya akina mama, ustadhi akasoma kwamba kila mtoto yuko rehani kwa akika yake. Akika ni mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa: wa kiume wanyama wawili, wa kike mmoja. Hamida akaganda kwenye mkeka. Jamali alipozaliwa Mwishehe alikuwa kibarua bandarini, akapata kondoo mmoja kwa mbinde. Wa pili, alisema, tutamchinja Mungu akijaalia. Mungu alijaalia mambo mengine.

Basi Hamida akayashona maneno mawili yale yakawa nguo moja. Jamali amekwama. Jamali yuko rehani. Nusu yake imekombolewa, nusu bado, ndiyo maana dunia imemshika mguu. Alimfuata ustadhi baada ya darsa, akamweleza. Ustadhi, mtu mpole, akamwambia asiyeweza wawili mmoja anatosha, na kukwama kwa mtoto hakuhusiani kabisa na hilo. "Nimekuelewa, ustadhi," Hamida akasema. Mtu wa Lindi akikwambia nimekuelewa, jua ameshaamua lake.

Hakutaka dume la kununua mnadani. La mnadani lingekuwa la pesa tu. Alitaka alilee mwenyewe tangu tone la kwanza la maziwa, alikatie majani kwa mkono wake, Mungu aone jasho. Ndipo akanunua Mwaridi, kondoo jike mwekundu mwenye mkia kama mto wa kuegemea, akampandisha kwa dume la jirani.

Mwaka wa kwanza Mwaridi alizaa mmoja, jike. Ulikuwa unyonyeshaji wa raha ule. Mtoto alinyonya huku, akahamia huku, akashiba, akalala, na maziwa yakabaki mpaka Mwajabu akawa anayakamua kutia kwenye chai. Mkia wa mama ulipungua kidole kimoja, basi. Mtoto akanenepa kama unga uliotiwa hamira. Lakini alikuwa jike, na Hamida alitaka dume. Akauzwa, zikanunuliwa bati za banda.

Mwaka wa pili Mwaridi akazaa pacha: dume, kisha jike. Hamida alipiga kigelegele alfajiri ile mpaka jirani akauliza nani ameolewa. Akambeba dume angali na ute, akamnong'oneza kitu sikioni. Mwajabu alimpangusa yule wa kike kwa kitambaa alichobakiza kwenye gauni la mteja.

Wiki ya tatu ndiyo mambo yakabadilika. Mwaridi alikuwa anakula kuanzia asubuhi mpaka jioni na bado mbavu zinahesabika. Wakamwita Isack, kijana wa bara mwenye duka la dawa za mifugo pale Mbande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Niangalizie huyu, anakonda kama ana deni."

Isack alimpapasa uti wa mgongo, akabonyeza kiwele. "Haumwi, mama. Anafanya kazi. Kondoo hutoa maziwa kwa kadiri ya midomo inayomnyonya. Mwaka jana mdomo ulikuwa mmoja. Sasa ni miwili, na kweli ameongeza, lakini haongezi mara mbili. Kwa hiyo kila pacha anapata pungufu kidogo ya yule aliyekuwa peke yake, na mama yao anatoa zaidi ya alivyowahi kutoa. Hiyo nyongeza inatoka mwilini mwake."

"Sasa nifanyeje?"

"Mlishe mama, watoto watajilisha. Pumba, mashudu, maji mengi. Wiki ya tatu na ya nne ndiyo kilele, mkivuka hapo mmevuka."

Mwajabu ndiye aliyelibeba neno hilo. Jioni akitoka kazini alipita mashineni kuchukua pumba, akapita kwa muuza chipsi kuchukua maganda ya viazi, akaja na kiroba kichwani na uzi bado umening'inia shingoni. Hamida yeye alikuwa anatazama dume. Mwaka jana, umri kama huu, yule wa peke yake alikuwa mkubwa kumzidi kwa kichwa kizima. Na huyu ndiye wa Jamali. Huyu akidumaa, au akifa, ni mwaka mwingine wa kungoja, na Hamida mwaka mwingine alikuwa hana. Akapiga hesabu. Mmoja akitoka, maziwa ya wawili yatakuwa ya mmoja, dume litanenepa ndani ya wiki mbili tu. Hesabu nzuri sana. Tatizo kondoo hakusomeshwa hesabu.

Jumatatu, Mwajabu akiwa kazini, Hamida alimfunga yule mdogo wa kike kwenye kanga, akampeleka kwa Mwalimu Clara, jirani mstaafu mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Clara akakubali kumlea kwa chupa.

Jioni Mwajabu akatua kiroba. "Yuko wapi wa kike?"

"Nimempeleka kwa Mwalimu. Atanyweshwa kwa chupa."

"Kwa nini yeye?"

"Jamani, Mwajabu. Dume ndiye wa kazi."

Mwajabu alikishika tena kiroba. "Haya," akasema. "Wa kike atavumilia." Akaingia kumwaga pumba. Hamida alilisikia neno hilo, akalielewa kuwa ni la kondoo.

Mwaridi akaanza kulia. Watu husema kondoo ni mnyama wa kimya, na ni kweli, mpaka umnyang'anye mtoto. Alilia siku mbili, uso ameuelekeza ukuta wa upande wa kwa Clara, akinyamaza tu kusikiliza kama atajibiwa. Hamida alijifunika kanga mpaka masikioni. Kilio kile alikuwa anakifahamu vizuri mno. Akajiambia ni siku mbili tatu, atasahau. Kisha akajiuliza yeye mwenyewe amesahau lini, akaondoka kwenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Siku ya tatu Mwaridi alimpiga teke hata dume lake. Mwajabu akainama kutazama: upande wa kushoto wa kiwele ulikuwa mgumu kama embe bichi, mwekundu, unachoma mkono. Upande wa kulia ulikuwa mtupu, umenyonywa mpaka chuchu imechubuka. Isack akaja mbio na pikipiki.

"Mama, mmoja mmemtoa?"

Hamida akaitikia kwa kichwa.

"Pacha hugawana. Tangu siku za mwanzo kila mmoja anashika chuchu yake, na mwenzake haigusi. Huyu dume ni wa kulia. Ulipomwondoa wa kushoto, maziwa yake yameendelea kuja, na mwenyewe hayupo. Yamelala, yameoza."

"Mie nilidhani atanyonya zote mbili."

"Angekuja kujifunza pole pole. Ila maziwa hayasubiri."

"Atakufa?"

"Tukichelewa, ndiyo. Na dume utamlea na nini?"

Hamida akakaa chini palepale kwenye samadi. Alikuwa ametaka kumwongezea mmoja, na sasa huenda akawakosa wote. Isack alichoma sindano, akawaonyesha kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto na kukamua uchafu wote mpaka yatoke maziwa safi. Kazi hiyo Mwajabu aliifanya siku tatu, kila baada ya saa chache, cherehani ikafunikwa na mteja mmoja akaja kugomba. Siku ya nne akaenda mwenyewe kwa Clara kumrudisha yule mdogo.

Mwaridi alimnusa, akasikia harufu ya ng'ombe na ya plastiki, akamsukuma kwa paji la uso. Yaani aliyemlilia siku zote hizo akamkataa mlangoni. Ikabidi Mwajabu ambane mama mtu ukutani kwa goti, amwelekeze mtoto kwenye chuchu, asubuhi, mchana, jioni. Siku ya pili bado teke. Siku ya tatu Mwaridi akageuza shingo, akamnusa mkiani, akatulia. Hamida aliona machozi ya binti yake, akafikiri ni moshi wa jikoni.

Kuanzia hapo walimlisha Mwaridi kama mzazi aliye ndani ya arobaini. Futi ya Ijumaa iliendelea kushuka mpaka mkia ukawa kama dekio lililokauka. Wiki zikavuka, kilele kikapita, pacha wakaanza kuguguna majani wenyewe, na mwezi wa nne wakaachishwa. Upande wa kushoto haukurudi kama zamani, lakini haukufa. Isack akaonya kwamba aliyenyonyesha wawili hurudisha mwili taratibu kuliko wa mmoja, asipandishwe mapema. Hamida hakubisha. Dume lilikuwa hai, na hilo ndilo alilolitaka.

Dume lilitimiza mwaka likiwa na pembe zimeanza kujikunja. Hamida akapanga na ustadhi: Jumamosi, saa mbili asubuhi. Akaalika majirani kumi na wanafunzi wa madrasa. Chandarua cha Jamali akakifua upya.

Ijumaa mchana alimwogesha dume uani kwa sabuni ya mche. Mwajabu alilishika pembe.

"Nyama hatutavunja mifupa," Hamida alikuwa anasema, "tunaachanisha kwenye viungo tu, ili mtoto awe salama viungo vyake. Na nimeota juzi, Mwajabu. Nimemwona kaka yako amesimama pale kwenye mkorosho wa zamani, amenenepa. Kesho tukishamaliza, yule mtoto atafunguka. Naisikia kabisa tumboni."

"Mama."

"Nini?"

"Mie mlinichinjia nini?"

Mkono wa Hamida ulisimama juu ya mgongo wa kondoo, povu linateremka. Hakuwa ameulizwa kwa ubaya. Mwajabu aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

"Wewe," Hamida akasema. "Wewe ulipozaliwa..." Akaanza kutafuta. Mwajabu alizaliwa mwaka wa mvua nyingi, Mwishehe alikuwa amesimamishwa kazi, Jamali ana surua. Mwishehe alisema huyu wa kike tutamfanyia mbele ya safari. Safari ikaendelea. Hamida alitafuta miaka thelathini na miwili yote, kona kwa kona, na hakumkumbuka kondoo, wala mbuzi, wala hata siku moja ambayo jambo hilo lilimpitia kichwani. Kwenye darsa alisikia kwa masikio yake: wa kiume wawili, wa kike mmoja. Akahesabu wa kiume.

"Hatukukuchinjia," akasema.

"Nilijua," Mwajabu akajibu. "Baba aliniambiaga kabla hajafa. Nilikuwa nangoja siku utakayokumbuka mwenyewe. Nikaona bora nikuulize tu, maana kesho itapita."

"Kwa nini hukusema siku zote hizo?"

"Ningesemaje, mama? Humu ndani hatuzungumzagi habari za aliyepo." Akachukua kopo la maji. "Mie pia namtamani kaka. Lakini nakutamani na wewe, na unalala pembeni yangu."

Akamwagia dume maji, suuza ya mwisho, akaenda kuanika kanga. Hamida alibaki ameshika sabuni. Alikuwa na dume moja. Angeweza kumwambia binti yake avumilie mwaka mwingine, na Mwajabu angevumilia, hilo halikuwa na shaka hata kidogo. Ndilo lililomuumiza. Na akimtoa dume huyu, Jamali anabaki huko alikokwama, mama yake ana kisu mkononi na hakumkatia kamba. Alijua ustadhi alishamwambia si hivyo. Tumbo lake halikuwa limeambiwa.

Jumamosi saa mbili ustadhi alifika na kisu kimefungwa kwenye gazeti. Majirani walikaa mkekani. Jikoni Mwajabu alikuwa anatwanga tangawizi, kinu kinasikika. Dume likalazwa ubavu, likaelekezwa kibla. Ustadhi akainama, akainua macho.

"Jina la mtoto?"

Hamida alifungua mdomo, na jina alilolizoea lilikuwa tayari kwenye ulimi. Alikuwa amelisema kila siku kwa miaka kumi na miwili, na leo ndiyo siku aliyoifugia kondoo.

"Mwajabu," akasema. "Mwajabu binti Mwishehe."

Kinu kikanyamaza jikoni.

Ustadhi alimtazama. "Si uliniambia Jamali?"

"Jamali alichinjiwa, babaake alifanya alichoweza. Huyu ni wa Mwajabu."

Ustadhi akasoma jina, akachinja. Hamida alisimama wima mpaka mwisho, kisha akaenda nyuma ya banda akalia, na safari hii hakuwa na kondoo wa kumtegemea wala ndoto ya kujidanganyia. Alimlilia Jamali kama mtu ambaye hajui kama atarudi. Ndivyo alivyokuwa, tangu zamani, ila alikuwa hajakubali.

Mchana sinia likaletwa uani, pilau na nyama ya viungo vizima. Mwajabu alikuwa anahudumia wageni, macho mekundu, hakai, kama alivyozoea. Hamida akachukua paja, akaliweka upande wa sinia uliokuwa wazi, akamshika binti yake mkono.

"Na kaka je, mama?" Mwajabu akauliza kwa sauti ya chini.

"Akirudi atatukuta," Hamida akasema. "Kaa ule."